Kabla Hujaongeza Sauti, Jaribu Kuipunguza

Usiku mmoja nilimharibia mtu jina hewani. Nilikuwa kwenye bendi ya mita 40 ya redio ya ridhaa, yaani kilohezi 7000 na kidogo, na opereta mmoja wa karibu alikuwa akiongea kwa nguvu kiasi kwamba mshale wa mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya ishara, ulikuwa umelala upande wa kulia, desibeli 40 juu ya S9. Sauti yake yenyewe ilikuwa safi, lakini pembeni yake, kilohezi tano huku na tano kule, nilisikia makapi ya maneno yake yakipasukapasuka. Nikamkatiza, nikamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mawimbi yake yanatanuka mno na apunguze maiki. Akanijibu kwa upole: "Ndugu yangu, hebu zima NB yako (kizuia kelele za midundo), zima na ile amplifaya ya awali, halafu unisikilize tena." Nikazima. Makapi yote yakatoweka, akabaki yeye peke yake ndani ya kilohezi zake tatu. Nyani haoni kundule.

Kilichotokea ni rahisi kueleza, japo siku ile nilitaka ardhi inimeze. Saketi ya NB kazi yake ni kuvizia midundo mikali ya ghafla, kama ile ya plagi ya injini, na kuikata kabla haijafika kwenye spika. Ili iivizie, huangalia eneo pana la masafa, pana kuliko unachosikia wewe. Mtu mwenye nguvu akiongea humo, kila kilele cha neno lake huonekana kama mdundo, na saketi inakata. Kule kukata ndiko kunakozaa uchafu unaosambaa. Na mimi nilikuwa nimeongeza amplifaya ya awali juu yake, kama mtu anayepiga honi kwenye chumba cha mgonjwa.

Tangu hapo, mtu akiniambia redio yake "haisikii vizuri", swali langu la kwanza siku hizi ni moja: umewasha nini ambacho hukihitaji? Mara nyingi tatizo la kipokezi huwa kulishwa kupita kiasi. Njaa ni nadra.

Ukuzaji na usikivu ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, na sina lawama, maana sikio lenyewe hutudanganya. Ukibonyeza amplifaya ya awali, kila kitu kinapanda: mshale unaruka, spika inanguruma, unahisi redio imeamka. Lakini kinachokuwezesha kumwelewa mtu ni tofauti kati ya sauti yake na kelele iliyomzunguka. Ukubwa wa sauti peke yake haukusaidii.

Tuweke namba. Kwa pendekezo la Kanda ya 1 ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa) la mwaka 1981, chini ya megahezi 30, S9 ni maikrovolti 50 kwenye mlango wa antena wa ohm 50, sawa na −73 dBm, yaani desibeli 73 chini ya miliwati moja. Kila hatua ya S ni desibeli 6. Sasa chukua kituo kinachoingia kwa S9 huku kelele ya bendi ikiwa S6, yaani −91 dBm. Tofauti yao ni desibeli 18. Washa amplifaya ya desibeli 10: kituo kinakuwa −63, kelele inakuwa −81. Toa. Bado 18. Umepata nini? Mshale uliosogea, basi.

Utasema, lakini redio nayo ina kelele yake ya ndani, na amplifaya husaidia kuipita. Kweli kabisa, na ndiyo maana lazima tujue kelele hiyo ni kubwa kiasi gani. Joto la kawaida la chumba peke yake hutoa −174 dBm kwa kila hezi moja. Kwa upana wa hezi 2,500 wa SSB (namna ya kawaida ya kurusha sauti kwenye mawimbi mafupi) unaongeza desibeli 34, unafika −140. Redio ya kawaida ya HF (mawimbi mafupi) bila amplifaya ya awali, tuseme, inaongeza desibeli 12 za kwake, unafika −128 dBm. Kelele iliyoletwa na antena katika mfano wetu ni −91. Pengo ni desibeli 37! Radi za mbali, chaja za bei rahisi, taa za LED na vigeuza umeme vya sola vyote vimeshaingia kupitia antena, na hapo kelele ya ndani ya redio ni kama mnong'ono uwanjani siku ya mechi.

Kwa hiyo fanya kinyume. Badala ya kuongeza, weka kipunguzi cha desibeli 20. Kelele ya nje inashuka hadi −111, bado iko desibeli 17 juu ya ile ya ndani. Ukipiga hesabu ya kuzijumlisha, umepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kugundua hasara hiyo. Na ulichopata nitakieleza hivi punde.

Kipimo cha dakika tatu

Usiamini namba zangu. Pima redio yako, kwenye antena yako, saa unayoitumia. Zima AGC (saketi inayopandisha na kushusha ukuzaji yenyewe) kama redio yako inaruhusu. Kama hairuhusu, chagua masafa yasiyo na kituo, na ukubwa wa kelele ambao haufanyi mshale usogee. Weka mita ya volti za AC kwenye waya wa spika au hedifoni. Chomoa antena, weka mahali pake mzigo bandia (rezista inayokaa badala ya antena) wa ohm 50, usome. Rudisha antena, usome tena bila kugusa kingine chochote.

Mezani kwangu, mita 40 jioni, mzigo bandia ulinipa milivolti 6. Niliporudisha antena ikabidi nipunguze sauti maana mita ilipita kipimo. Hapo sina haja ya amplifaya ya awali, wala sina haja ya kuweka kipunguzi kwa kusitasita.

Ukitaka mpaka wa kuamua: kelele ikipanda kwa desibeli 10 ukirudisha antena, yaani volti zikizidi mara tatu na kidogo, mfano kutoka milivolti 20 hadi 63, kelele ya ndani ya redio inakugharimu takriban nusu desibeli tu. Inatosha. Ukiona inapanda kwa zaidi ya hapo sana, una ukuzaji wa ziada unaoweza kuupunguza. Ikipanda kwa desibeli 3 tu, redio na anga zinachangia kelele sawasawa na unapoteza desibeli 3 nzima. Hapo ndipo amplifaya ya awali ina kazi.

Mahali hapo pa kazi ni juu. Kadiri masafa yanavyopanda, kelele ya radi inapungua, na ukifika megahezi 28, na zaidi 50, mahali palipo mbali na uchafu wa umeme, kinachobaki ni mvumo wa Njia Maziwa wenyewe. Huko washa bila wasiwasi. Kwenye VHF na UHF, masafa ya juu ya megahezi 30, nenda hatua moja zaidi: amplifaya ikae juu kwenye mlingoti, karibu na antena. Kila desibeli inayopotea kwenye kebo kabla ya amplifaya ya kwanza inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya kelele, na amplifaya iliyowekwa mezani baada ya kebo ndefu haiwezi kurudisha kilichokwisha kuzama njiani.

Mizimwi ya mita 40

Sasa faida ya kipunguzi. Katika Kanda za 1 na 3, bendi yetu ya mita 40 inaishia kilohezi 7200, na hapohapo kando wanaanza watangazaji wa mawimbi mafupi, wenye mitambo ya mamia ya kilowati. Tuseme usiku kuna wawili wenye nguvu sana, mmoja 7250 na mwingine 7375. Kichanganyaji cha redio (sehemu inayobadilisha masafa ya ishara iliyoingia) kikilemewa, wanaanza kuzaa mtoto wa haramu: mara mbili ya 7250, ukitoa 7375, unapata 7125. Katikati ya bendi yetu. Utasikia mchanganyiko wa muziki na taarifa ya habari, sauti mbili kwa pamoja, na utaapa kuwa kuna mtu amevamia bendi. Hakuna aliyevamia. Mzimwi huyo anaishi ndani ya boksi lako.

Namna ya kumkamata ni hii, na naipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Weka kipunguzi cha desibeli 10. Kituo halisi kitashuka kwa desibeli 10. Mzimwi, kwa kuwa amezaliwa na ishara mbili zinazozidishana kwa namna ya daraja la tatu, atashuka kwa desibeli 30. Kwa mshale wenye hatua za desibeli 6, hiyo ni kama hatua mbili kasoro dhidi ya tano. Huhitaji hata kuhesabu: mmoja anapungua, mwingine anapotea. Faida halisi ni desibeli 20 za usafi kwa kubonyeza kitufe kimoja kilichokuwa mbele yako miaka yote.

Nimesema mshale una hatua za desibeli 6. Hilo ni pendekezo. Redio nyingi zinazouzwa, hasa upande wa chini wa mita, hatua zao ni ndogo kuliko hapo, na chini ya S3 mshale mara nyingi haufanyi lolote. Mita ya S ni mita ya volti ya AGC iliyovalishwa koti. Itumie kulinganisha, si kuapia.

Vipokezi vya dijitali

Kwenye redio za programu (SDR), ambazo kazi kubwa hufanywa na kompyuta, kichanganyaji si mhusika mkuu tena. Mhusika ni kigeuzi kinachogeuza volti kuwa namba, nacho hakina huruma. Kichanganyaji cha zamani kilianza kuharibika polepole. Kigeuzi hufanya kazi vizuri, vizuri, vizuri, halafu ghafla kinafika namba yake ya mwisho na kila wimbi linakatwa kichwa.

Vile vijiti vidogo vya USB vya bei ya chini vina biti 8. Kanuni ni biti mara 6.02 kuongeza 1.76, kwa hiyo ni kama desibeli 50 kati ya kishindo na mnong'ono. Kwa biti 14 unapata 86, kwa 16 unapata 98. Kuna nafuu: ukichukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde kisha ukachuja ukabaki na upana wa kilohezi 2.4, kelele ya kigeuzi inayobaki ndani ya upana huo ni sehemu moja ya elfu, yaani umeongezewa desibeli 30. Lakini nafuu hiyo hufa siku kigeuzi kinapofurika. Na kinafurika kwa jumla ya kila kitu kinachopita mlangoni, hata kituo cha FM ambacho hukitazami kabisa.

Utaratibu wangu: naanza ukuzaji ukiwa chini kabisa, antena imechomekwa, macho kwenye sakafu ya kelele kwenye skrini. Napandisha hatua moja moja. Mwanzoni sakafu haisogei, maana ninachokiona ni kelele ya kigeuzi. Kisha inaanza kupanda pamoja na kila hatua: sasa naona kelele ya antena. Naongeza hatua moja au mbili, nasimama. Ukiendelea, picha itazidi kung'aa na rangi zitavutia, lakini pengo kati ya vilele na sakafu litabaki lilelile, hadi hatua moja ya mwisho ambapo sakafu nzima inaruka juu na vilele vipya vinaota kama uyoga mahali pasipo na vituo. Rudi nyuma hatua mbili kutoka hapo. Rangi za skrini zirekebishe kwa vidhibiti vya skrini.

AGC, na nobu ambayo watu huiogopa

Kwa AGC tunamshukuru mhandisi Harold Wheeler, aliyeibuni mwaka 1925. Kabla yake, msikilizaji alikaa na mkono kwenye nobu ili kituo cha karibu kisimpasue masikio. Leo tumeizoea kiasi kwamba tunasahau kuwa ni mkono mwingine unaozungusha ukuzaji bila kutuuliza.

Mkono huo una tabia mbili za kuudhi. Ya kwanza, mtu akinyamaza, AGC inapandisha ukuzaji hadi mwisho, na kelele inakujaza masikio katikati ya maneno. Baada ya saa mbili za kelele hiyo kichwa kinauma na unasingizia hedifoni. Ya pili, kama kuna kituo kikali ndani ya kichujio cha kwanza cha redio lakini nje ya kichujio chembamba unachosikilizia, husikii kituo chenyewe, unasikia tu yule dhaifu wako akizama na kuibuka kwa mdundo wa Morse ya mtu mwingine. Nimeona watu wakifungua redio kutafuta waya uliolegea kwa sababu hiyo.

Dawa ya yote mawili ni nobu iliyoandikwa RF, yaani masafa ya redio. Kwenye redio nyingi za HF nobu hii haigusi chochote karibu na antena, ingawa jina lake linadai hivyo. Inashusha ukuzaji wa hatua za kati, kwa njia ileile ambayo AGC hupitia. Ndiyo maana ukiizungusha kurudi nyuma mshale wa mita ya S unapanda. Mtu asiyejua hushtuka: nimepunguza, mbona inaongezeka? Haiongezeki. Mita inasoma volti ya AGC, na wewe umeisukuma volti hiyo kwa mkono.

Jinsi ninavyoiweka: nasubiri kituo kinyamaze, nasoma kelele ya bendi, tuseme S5. Narudisha nobu ya RF hadi mshale usimame hapo, au nywele moja juu yake. Tangu hapo AGC haina ruhusa ya kupanda kupita hapo. Kituo cha S7 kinaendelea kuisukuma kama kawaida, na sauti yake haibadiliki. Lakini anaponyamaza, kimya kinakuwa kimya kweli, au angalau kelele inabaki nyuma pale ilipo. Kwenye Morse naenda mbali zaidi: naizungusha mpaka AGC karibu haifanyi kazi, naongeza nobu ya AF (ukubwa wa sauti), na sikio langu linafanya kazi ambayo lilizaliwa nayo. Tahadhari moja tu: mkali akitokea ghafla bila AGC, hedifoni zitakupiga kofi. Redio yako ikiwa na kikomo cha sauti, kiwashe.

Kuhusu kasi ya AGC sina mengi. Polepole kwa sauti ya binadamu, haraka kwa Morse, na haraka pia kukiwa na radi, ili mpasuko mmoja usikunyime nusu ya sentensi.

Nobu ya AF yenyewe ni ya sikio tu. Haina athari yoyote kwa kilichotokea kabla yake. Kama sauti imepasuka kule nyuma, ukiipunguza hapa utapata mpasuko mdogo. FM nayo naipita haraka, kwa kuwa kikomo cha ndani kinasawazisha ishara zote. Pandisha skwelchi hadi kelele ikatike, usiongeze hata unywele, la sivyo utawafungia nje wale dhaifu.

Kutoka redio hadi kompyuta

Hapa ndipo barua nyingi ninazopokea zinatoka, na karibu zote ni waya mmoja: kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la maiki la kompyuta. Tundu la hedifoni linaweza kutoa nusu volti au zaidi. Tundu la maiki limezoea milivolti chache, na juu yake lina volti kadhaa za DC za kulisha maiki. Ukiunganisha moja kwa moja unakuwa umemnywesha mtoto kwa bomba la zimamoto. Kwenye skrini utaona kituo kimoja kikijirudia mara mbili, mara tatu, kila kimoja mahali pa masafa maradufu.

Tiba inafaa kiganjani: rezista ya kilo-ohm 10 kwenye njia, nyingine ya kilo-ohm 1 kwenda ardhini baada yake. Volti zinagawanywa kwa 11, karibu desibeli 21. Ongeza kapasita upande wa kompyuta kuzuia ile DC. Kukiwa na mvumo wa hezi 50 au 60, weka transfoma ya sauti ya ohm 600, moja kwa moja, ili ardhi ya redio na ardhi ya kompyuta zisigusane. Mimi natumia transfoma hata pasipo na mvumo, maana mvumo huja siku ya mashindano.

Bora kuliko hayo yote, kama redio yako ina tundu la DATA au USB yake, ni kulitumia hilo. Tundu la DATA hutoa kiwango kisichofuata nobu ya AF, hivyo unaweza kuzima spika usiku na kompyuta ikaendelea kusikia. Mara kadhaa nimemsaidia mtu aliyelalamika kuwa FT8 (namna ya dijitali ya kubadilishana ujumbe mfupi kwa kompyuta) "inakufa jioni", kumbe jioni alikuwa akipunguza sauti watoto walale, na waya wake ulikuwa kwenye hedifoni.

Kwenye kompyuta, zima kila kinachojifanya kusaidia: kuongeza nguvu ya maiki, kuondoa kelele, kusawazisha sauti. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa mazungumzo ya simu, na kwao FT8 ni kelele inayostahili kuondolewa. Kisha chagua masafa yasiyo na kituo, na kwenye WSJT-X, programu inayoendesha FT8, rekebisha kiwango hadi kipima sauti kisome karibu desibeli 30 kwa kelele tupu. Watu huichukulia 30 kama amri. Si amri. Ni mahali pazuri kwa sababu sauti ya biti 16 ina zaidi ya desibeli 90: sakafu ikiwa 30, walio dhaifu wako juu kabisa ya kelele ya kigeuzi, na walio wakali wana nafasi ya desibeli 60 kabla ya kugonga dari. Ikiwa 25 au 38, endelea na maisha. Ikiwa 70, kuna kitu hukukizima. Ikiwa 5, kagua waya.

Kumbuka tu kwamba FT8, ambayo Joe Taylor na Steve Franke waliitoa mwaka 2017, inaweza kufungua ishara iliyo karibu desibeli 21 chini ya kelele ikipimwa kwa upana wa hezi 2,500. Hao hutawasikia kwa sikio, kwa hiyo sikio si hakimu wa kiwango hapa. Na kwa kuwa vituo hamsini vinakaa ndani ya kichujio kimoja, AGC humsikiliza mkubwa wao na kuwashusha wote kwa sekunde zake zote za kurusha. Mara nyingi hakuna hasara, maana kelele nayo inashuka. Bendi ikiwa imejaa majitu, narudisha nobu ya RF, naweka kipunguzi, na idadi ya mistari inayofunguka huongezeka wazi.

Upande wa kurusha

Kosa langu la pili la aibu lilikuwa upande huu. Mtu aliniandikia, akaniambatishia picha ya skrini yake: mstari wangu uko hezi 700, mwingine hafifu 1400, mwingine hafifu zaidi 2100. Vituo vitatu kwa leseni moja! Nilikuwa nimefungua sauti ya kompyuta hadi mwisho, ALC (saketi inayozuia redio isirushe kwa nguvu kupita kiasi) ikawa inajaa, na wimbi lililokatwa vichwa likazaa nakala. Redio ikiwa kwenye SSB, kichujio cha kurusha hupitisha hadi kama hezi 2,700 au 2,800, hivyo nakala zote mbili zilipita zikiwa na pasipoti kamili.

Ndiyo maana ya lile chaguo la programu la kugawa masafa (split): inahamisha redio yenyewe ili sauti ya kurusha ikae kati ya hezi 1,500 na 2,000. Maradufu ya 1,500 ni 3,000, ambayo kichujio hakipitishi. Lakini hiyo ni wavu wa chini, usianguke makusudi. Panga hivi: weka nguvu ya redio unayotaka, rusha kwenye mzigo bandia, telezesha kidhibiti cha sauti cha programu hadi chini kabisa, kipandishe hadi wati ziache kuongezeka, kisha rudisha nyuma hadi wati zipungue kidogo na mita ya ALC ilale. Zipo redio chache zinazotaka ALC iguswe kidogo. Soma kitabu chake. Na urudie unapobadilisha bendi, kwa sababu kiwango kilichofaa mita 20 huweza kuzidi mita 80.

Kwa maiki hali ni tofauti, ALC inaruhusiwa kucheza kwenye vilele ndani ya eneo lake lililochorwa kwenye mita, mradi isikwame humo. Shika maiki vidole vitatu kutoka mdomoni, ongea kidogo kando yake, na umwombe mtu akusikilize pembeni ya masafa yako, si katikati. Kikandamizaji cha sauti kikizidi kitapandisha na feni ya redio kila unapovuta pumzi, mimi niliwahi kuambiwa, "Nakusikia vizuri, na feni yako naisikia vizuri zaidi."

Siku ile ya nakala tatu nilirudisha kidhibiti hadi wati 40 zikawa 36. Hiyo ni chini ya nusu desibeli. Nikarusha tena, nikasubiri picha ya pili. Mstari ulikuwa mmoja, mwembamba, hezi 700, na chini yake ameandika ripoti: −14, mbili bora kuliko zile za mwanzo.